Haki ya Mke Anayeonewa Nyumbani Mwake

Hotuba iliyosomwa mbele ya makatekista, wenyeviti wa jumuiya na akina mama wa Jimbo katika siku za Jubilei



Tulipoombwa kusema neno katika siku hizi za Jubilei, tulidhani tutaambiwa tuhadithie habari za zamani, jinsi vigango vilivyojengwa kwa mawe ya kuchukuliwa kichwani, na jinsi Jimbo lilivyokua tangu lilipoanzishwa mwaka 1963. Habari hizo ni njema, na wengine wamekwisha kuzisimulia vizuri kuliko sisi. Lakini akina mama wa WAWATA walitaka jambo jingine. Walisema, "Mwalimu, tuambie yule apigwaye usiku aende wapi." Tulikaa siku tatu kabla ya kukubali, maana twajua kwamba katika shauri hili sisi wenyewe tuna deni. Tutalitaja deni hilo kwanza, ili mtusikilize mkijua ni nani anenaye.

Katika kigango kimoja cha mteremko wa Meru, juu ya barabara iendayo Usa River, palikuwa na mama mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Aliolewa kwa ndoa ya Kanisa, akakaa katika kihamba cha ukoo wa mumewe, akazaa watoto wanne. Mumewe hakuwa mtu mbaya mchana. Jioni, akitoka kwenye mbege, alikuwa mtu mwingine. Mama huyo alitujia mara ya kwanza wakati wa masika, mtoto mgongoni, mkono umevimba. Tukafanya kama tulivyozoea: tukamwita mume, tukawaketisha, tukasoma Neno, tukawaonya wote wawili sawasawa, kana kwamba wote wawili wamepiga, wakashikana mikono, tukasali, wakaenda zao. Tulifurahi sana siku hiyo. Baada ya miezi mitano alikuja tena, tukafanya vile vile. Mara ya tatu alikuja hasikii kwa sikio la kushoto, na sikio hilo halisikii hata leo.

Safari hiyo hakuja kutaka kupatanishwa. Alikuwa amekwisha kwenda mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, naye ameagizwa alete barua ya kanisa lake ieleze yaliyopita. Tukaandika barua. Maneno yake twayakumbuka, kwa kuwa ni mwandiko wetu: kwamba wanandoa hawa wamepatanishwa mara mbili, wakasameheana mbele yetu, na kwamba kwa msaada wa Mungu twatumaini wataendelea vema. Hatukuandika habari ya mkono. Hatukuandika habari ya sikio. Wazee wa Baraza walipoisoma wakasema, "Hapa hapana ugomvi, kanisa limekwisha kuumaliza," wakamrudisha nyumbani bila hati yo yote. Ikapita miezi kumi na minne kabla hajaipata hati hiyo, na katika miezi hiyo ng'ombe wa maziwa akauzwa, na mama akalala kwa majirani siku nyingi ambazo hatukuzihesabu.

Hatukusema uongo katika barua ile, ndugu zetu. Kila neno lilikuwa kweli. Walakini barua ile ndiyo iliyomfungia mlango.

Ili mwelewe jinsi karatasi ya katekista iwezavyo kumfungia mtu mlango, hatuna budi kueleza kidogo habari ya sheria. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ilitungwa mwaka 1971. Kabla yake kila watu walikuwa na njia yao, Wakristo yao, Waislamu yao, na wenye kufuata mila zao. Sheria hiyo ikaziweka ndoa zote chini ya paa moja, wala haikuziondoa desturi, ila iliziwekea mpaka. Mpaka mmoja umo katika kifungu cha 66, nao ni mfupi hata mtoto wa shule aweza kuukariri: hapana mume wala mke aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila yaruhusu. Mwangalie kwamba waandishi wa sheria waliitaja mila waziwazi. Walijua kwamba mpigaji atasimama mbele ya hakimu na kusema, Hivyo ndivyo tulivyozaliwa tukaona.

Wala tusidhani kwamba neno hilo limekwisha kuingia mioyoni. Katika utafiti wa Serikali juu ya uzazi na afya, uliofanywa mwaka 2015 hata 2016, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hata 49 walisema kwamba wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Hilo lahuzunisha. Lakini liko jingine lililotuhuzunisha zaidi: wanawake 58 katika 100 walikubali kwamba mume aweza kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo ya zile walizotajiwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake ndio waliosema hivyo. Nani aliwafundisha? Sehemu ya jibu ni kwamba sisi tuliwafundisha, kila mara tuliposema "vumilia" tusiongeze neno jingine.

Wazee wetu, Wameru na Waarusha, walikuwa na mabaraza yao. Mke aliyepigwa alikimbilia kwa baba yake. Mume akamfuata na pombe. Wazee wa koo wakakaa, mshili akanena kwa Wameru, au laigwanani kwa Waarusha, na mwenye kosa akatozwa. Hatuwadharau. Mara nyingi wao walimwaibisha mpigaji kuliko sisi tunavyomwaibisha, maana sisi tunamwachia aje kusoma somo Jumapili inayofuata. Walakini baraza lile lilikuwa na udhaifu wake: waliokaa ndani yake walikuwa wanaume wa koo mbili, na ukoo mmoja ulikuwa umekwisha kula mahari. Baba alipofikiri habari ya kurudisha ng'ombe na mbuzi, huruma yake kwa binti ilipungua. Sheria ya mwaka 1971 yasema kwamba upungufu wa mahari hauibatilishi ndoa iliyofungwa kwa halali. Basi ikiwa mahari haina nguvu ya kuitangua ndoa, isifanywe kuwa kamba ya kumvutia binti kwenye fimbo.

Mtu aliyepigwa ametendewa kosa la jinai, yaani kosa ambalo nchi nzima yalishitaki. Aende polisi. Katika vituo vingi pana Dawati la Jinsia na Watoto, mahali ambapo askari humsikiliza faraghani, pasipo watu wote wa kaunta kusikia. Atapewa fomu iitwayo PF3, aichukue hospitali, mganga aandike alichokiona kwa macho yake. Kama damu yamtoka, atibiwe kwanza. Na nakala ya karatasi hiyo isiwekwe nyumbani kwa mpigaji! Tumeona moja iliyofichwa chini ya godoro, ikaonekana, ikawashiwa moto wa jikoni. Iwekwe kwa dada yake, au kwa Masista, au kwa mwenyekiti wa jumuiya, au kwetu.

Hapa wengine hunung'unika na kusema, "Mwalimu, ninyi mwawafundisha wake za watu kukimbia. Alichokiunganisha Mungu je?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa sheria za Kanisa lenyewe, si kwa akili zetu. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, imeandikwa kwamba mwenzi akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, huyo aliye hatarini ana sababu ya halali ya kuondoka, kwa amri ya Askofu. Na ikiwa kukawia kwaleta hatari, aweza kuondoka kwa shauri lake mwenyewe. Basi yule mama anayetoka usiku na mtoto mgongoni hajalikimbia Kanisa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2383, yasema kwamba ikiwa talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, au malezi ya watoto, au urithi, yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili. Talaka hiyo haiondoi kifungo cha Sakramenti. Lakini ambaye hakuoa wala kuolewa tena hafungiwi Komunyo kwa sababu ya talaka. Tunalisema hili kwa sauti, maana tumeona katika vigango vyetu akina mama walioachwa wakiketi kiti cha nyuma kabisa, wakibaki wameketi wenzao wanapokwenda mbele, na hapana mtu aliyewakataza ila macho ya jirani.

Na yale maneno ya Mtume Paulo kwa Waefeso, yasomwayo siku ya arusi, wanaume wengi hulisikia lile la kwanza, linalosema habari ya mke. Lile linalomwagiza mume amtunze mkewe kama mwili wake, na ni refu kuliko lile jingine, huwakuta wamekwisha kufikiri habari ya nyama ya karamuni.

Sasa turudi kwenye mlango tulioufunga. Mtu akitaka talaka haendi mahakamani moja kwa moja. Kwanza apaswa kupeleka ugomvi wake mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria yataka Baraza la namna hiyo liwe katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano; tena yampa Waziri ruhusa ya kulitambua baraza ambalo jamii ya watu, kama watu wa dini moja, wamejiwekea wenyewe. Baraza humwita mume na mke, husikiliza, hujaribu kupatanisha. Likishindwa, latoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, na hati hiyo huambatanishwa na madai. Mahakama yataka iwe imetolewa katika miezi sita kabla ya madai kufunguliwa. Ikizidi hapo, imezeeka. Ziko sababu chache zinazomwondolea mtu wajibu huu: mume aliyetoroka asijulikane aliko, au aliyeitwa akakataa kwa makusudi kuja, au jambo lisilo la kawaida linalozuia kabisa kufika mbele ya Baraza. Lakini kwa wengi, pasipo hati hapana shauri.

Mwaona basi uzito wake. Baraza linalopenda amani mno, linalosema kila mara "rudini mkajaribu tena, mje baada ya Pasaka," halijampatanisha mtu. Limemzuilia njia ya kwenda kwa hakimu, bila kumkatalia waziwazi. Watunga sheria walilipa Baraza kazi mbili, kupatanisha, na kusema kweli pale kupatanisha kunaposhindwa. Nasi tumeipenda ile ya kwanza tukaisahau ya pili. Tena kuna kupatana na kuna kunyamaza. Wale wawili waliposhikana mikono mbele yetu, mume alikuwa amepatana, na mke alikuwa amenyamaza, nasi hatukuona tofauti, kwa kuwa mikono ya watu wote hufanana inaposhikwa.

Twawaomba ninyi wapatanishi wenzetu mbadili njia. Msiwasikilize mume na mke pamoja hapo kwanza. Msikilizeni kila mmoja peke yake, na mke asikilizwe na mama mwenzake akiwapo. Mkiitwa kuandika barua, andikeni mliyoyaona, kwa tarehe: siku fulani alikuja na jeraha mahali fulani, siku fulani mume aliahidi hivi, siku fulani alirudia. Msiandike matumaini yenu. Matumaini yana mahali pake katika sala. Na palipo na damu, au kisu, au tishio la kuua, msipatanishe kabisa siku hiyo. Mtafuteni mahali pa kulala mama na watoto, kisha polisi.

Yafaa pia mjue kwamba talaka si njia pekee. Sheria yaruhusu mtu kuiomba mahakama amri ya kutengana, ambayo haivunji ndoa, na wako akina mama Wakatoliki ambao dhamiri zao hutulia zaidi kwa njia hiyo. Mahakama yaweza vilevile kumwamuru mume akome kumfuata na kumsumbua mkewe shauri linapoendelea. Kwa wale ambao ndoa yao haijatimiza miaka miwili, talaka haiombwi bila ruhusa ya mahakama, nayo hutolewa kwa shida kubwa ya pekee. Mashauri haya yaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, kama ile ya Maromboso mjini Arusha, na Kiswahili ndicho kinachosemwa humo. Mama wa Kimeru au wa Kiarusha asiyekimudu aseme mapema ili apatiwe mkalimani, asijibu "ndiyo" kwa neno asilolielewa.

Tumefika kwenye shauri la mali, ambalo kwa mlima huu ndilo shauri lenyewe. Wako wanawake wengi wanaopigwa ambao wangeondoka kesho, lakini huuliza, "Nikitoka katika kihamba hiki nitakula nini na watoto?" Kwani kihamba alipewa mume na baba yake, naye baba na babu yake, ukoo husema, "Mke alikuja na mikono mitupu, aende na mikono mitupu." Waswahili wana methali isemayo, mke ni nguo, mgomba kupalilia. Walimaanisha kwamba mke hutunzwa kwa mavazi kama mgomba utunzwavyo kwa jembe. Huku kwetu sisi twauliza: na ule mgomba, nani aupaliliaye? Nani achukuaye samadi kutoka zizini, azibuaye mfereji, achumaye kahawa, na kushuka na mikungu kichwani siku ya soko la Tengeru?

Sheria ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, yasema kwamba mahakama ikitoa talaka au amri ya kutengana, yaweza kuigawanya mali waliyoichuma pamoja. Huangalia desturi ya watu hao, huangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali au wa kazi, huangalia madeni na mahitaji ya watoto wadogo, kisha huelekea kwenye usawa. Yako na maneno ambayo watu wa vihamba wangeyashika sana kama wangeyajua: hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huhesabiwa, ikiwa imestawishwa sana kwa kazi ya mwenzake au kwa kazi yao wote wawili. Ardhi yaweza kuwa ya babu. Lakini nyumba ya matofali, na mibuni iliyopandwa upya, na zizi, na mfereji, hivyo babu hakuviacha.

Zamani mahakama nyingi hazikuihesabu kazi ya nyumbani. Mwanamke aitwaye Hawa Mohamed alipoachana na mumewe, Ally Sefu, akadai sehemu ya nyumba, mahakama za chini zilimnyima, zikisema nyumba ilipatikana kwa fedha za mume, naye alikuwa mke tu. Akapanda hata Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikageuza mambo: kazi za nyumbani za mke au mume ni kazi, nazo ni mchango katika kuipata mali ya jamaa. Yafaa tuseme ukweli wote. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, maana Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha za mradi wa jamaa, naye akazitapanya. Lakini tangu siku ile kila mama anayesimama mbele ya hakimu asimama juu ya hukumu hiyo.

Kwa habari ya ardhi ya ukoo, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, huko Mwanza, aliamua katika shauri la mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, kwamba mila inayomkataza mwanamke kuuza ardhi aliyoirithi, hali mwanamume aruhusiwa, haipatani na Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuwa na ardhi au kuitumia ni batili. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzake. Aliyesikia habari ya kuuzwa asingoje mnunuzi afike na kamba ya kupimia, akaombe zuio.

Watu wa mlima huu hawahitaji kufundishwa maana ya kutolewa katika ardhi. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 Serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru katika Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufugia. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akalisema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Twajivunia habari hiyo, na watoto wetu twawafundisha. Basi mjukuu wa watu wale amtoaje mkewe katika shamba alilolipalilia miaka ishirini, vyombo vyake vikitupwa njiani, na kumwambia, "Hapa si kwenu"?

Hakimu hana macho ya kuona yaliyopita; yafaa aletewe. Fedha za kahawa mara nyingi huandikwa kwa jina la mume katika vitabu vya chama cha ushirika, na mke hana karatasi. Alete mashahidi: aliyeuza naye ndizi, fundi aliyemletea maji ya kufyatulia matofali, wana jumuiya waliokwenda kumsaidia kuvuna. Alete daftari la VICOBA linaloonyesha mkopo ulionunua bati. Alete risiti ya ada ya shule. Akina mama, jizoezeni kuweka karatasi. Si kwa kuwa mwawaza talaka, bali kwa kuwa hata mjane huulizwa maswali yale yale.

Juu ya watoto tutasema machache. Sheria yafikiri kwamba mtoto wa chini ya miaka saba yafaa akae na mama yake, mpaka ionekane vingine, na juu ya yote huangaliwa jema la mtoto. Baba hafunguliwi wajibu wa kuwalisha na kuwasomesha kwa kuwa hawakai naye. Na wale wakaao pamoja huko mjini, Ngarenaro na Unga Limited, bila arusi, ambao sisi makatekista huwakemea: hata hao, wakiwa wamekaa miaka miwili au zaidi na jirani wakawahesabu kuwa mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine, na mwanamke aweza kudai matunzo yake na ya watoto. Tutaendelea kuwakemea; walakini tusimfiche mama haki yake kwa kuwa hatukumfungisha ndoa.

Wengi huogopa gharama. Mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofundishwa, wakaao miongoni mwetu, na msaada huo hutolewa bure kwa asiye na uwezo. Katika mji wa Arusha kimekuwapo pia Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995. Jihadharini na wale ambao watu wa mjini huwaita vishoka, wanaokaa karibu na mahakama wakiuza maneno. Mmoja alimwandikia jirani yetu madai ya talaka kwa fedha ya mbuzi mzima, akamtaja mume asiye wake.

Katika kigango chetu twaweka sasa daftari moja lenye kufungwa kwa kufuli, na ufunguo wake uko kwa mama mwenyekiti, si kwetu. Ndani yake huandikwa tarehe, na kilichoonekana, na aliyeona. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi msaidizi wa kisheria huketi katika chumba cha katekesi baada ya Misa. Wanaume watatu nao wamekwisha kumjia, na mmoja wao alikuwa amepigwa.

Na yule mama? Padre wetu ndiye aliyetuonyesha kosa letu. Tukaandika barua ya pili, yenye mkono na sikio ndani yake, Baraza likatoa hati, na shauri likasikilizwa. Kihamba hakupata. Alipewa theluthi ya thamani ya nyumba na mibuni, ilipwe kidogo kidogo, na mtoto wake mdogo akabaki naye. Leo amepanga chumba karibu na Tengeru, auza ndizi, na malipo mawili ya mwisho bado anayadai. Tulipotaka kusema habari zake katika Jubilei tulikwenda kumwomba ruhusa. Alitugeuzia sikio la kulia, akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri. Kisha akasema, "Sema, Mwalimu. Ila usiwaambie kwamba ulinisaidia."